Mafundi Walio Ndani ya Kifua

Mazungumzo ya redio ya asubuhi, kutoka Timbwani, Likoni

Ninyi mlio kwenye feri mkivuka kwenda kazini, ninyi mlio jikoni mkipuliza moto wa chai, na wewe uliye kitandani kwa ugonjwa, karibuni nyote tuzungumze kwa dakika hizi chache.

Leo nataka tutazame jambo lililo karibu nasi kuliko nguo tulizovaa. Ni pumzi, na mapafu yanayoibeba. Kitabu cha Mwanzo, katika sura ya pili, chatueleza jinsi mtu wa kwanza alivyofinyangwa kwa udongo, akalala kimya kama chungu kipya, mpaka Mungu alipomtia pumzi. Basi tangu siku ile hakuna mtu aliyewahi kuweka akiba ya pumzi kabatini. Kila mmoja wetu aipokea kidogo kidogo. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi karibu mara 20,000 kwa siku moja, na mara nyingi hana habari.

Sasa fikiri, ndugu yangu, ni nini kinachoingia pamoja na pumzi hiyo. Huingia vumbi la barabara. Huingia moshi wa malori yanayongoja feri. Huingia masizi ya kuni na makaa, na vijidudu vya mafua, na vya magonjwa mengine makali zaidi. Kitambaa kikipitishwa katika hayo yote mara 20,000 kila siku, hakimalizi mwezi kabla hakijachanika. Je, mapafu hudumuje miaka sitini, sabini, na hata themanini? Jibu lake ni kwamba ndani ya kifua mna mafundi. Hao ndio nataka tuwajue leo.

Koo la hewa linaposhuka kifuani hugawanyika mara mbili, kisha tena na tena, kama mti uliopinduliwa, matawi yake yakielekea chini. Mwisho wa vitawi vile mna vifuko vidogo sana vya hewa. Wataalamu waliovihesabu, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2004, walipata wastani wa vifuko milioni 480 kwa mtu mzima. Hapo ndipo hewa safi inapoingia katika damu, na hewa chafu inapotoka. Ukuta wa kifuko, mahali palipo pembamba, haufiki unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita. Ungekuwa mnene, hewa isingepita. Kwa kuwa ni mwembamba, ni rahisi kuumia.

Ukuta huo umefunikwa na chembe hai, au seli, za namna mbili. Za kwanza ni bapa, zimetandazwa kama chapati iliyosukumwa mpaka mwanga ukapenya. Hizo ndizo zinazofunika karibu sehemu 95 katika kila 100 za ukuta, na ndizo zinazopitisha hewa. Za pili ni fupi na za mviringo, zimekaa pembeni pembeni. Mtu akizitazama kwa darubini angeweza kusema ni za kujaza nafasi tu. Lakini hizo ndogo zina kazi mbili kubwa.

Kazi yao ya kwanza ni kutoa ute unaofanya kama sabuni ndani ya maji, ili vifuko visinate na kufungamana mtu anapotoa pumzi. Mtoto anayezaliwa kabla ya miezi yake mara nyingi hupumua kwa shida kwa sababu ute huu haujatosha bado. Kazi yao ya pili ndiyo inayotuhusu leo. Seli bapa ikifa, kwa moshi au kwa ugonjwa, haiwezi kujizalia nyingine. Ndipo jirani yake wa mviringo hugawanyika. Moja hubaki kama ilivyokuwa, na nyingine hujinyoosha, hujitandaza, na kuchukua mahali pa ile iliyokufa.

Jambo hili lilianza kuonekana wazi katika miaka ya 1970, wataalamu walipochunguza mapafu ya panya waliovuta gesi kali, gesi ambayo hutoka pia katika moshi wa magari. Mwaka 2013, Brigid Hogan na wenzake katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walizitia alama seli zile za mviringo katika panya, wakazifuata, wakahakikisha kwamba ndizo zinazozaa seli bapa mpya. Seli za namna hiyo huitwa seli shina. Katika njia za hewa, zile kubwa, ziko seli shina nyingine. Zimekaa chini kabisa ya utando, nazo huzaa seli zenye vijinywele vinavyofagia uchafu, na seli zinazotoa kamasi ya kuunasa.

Neno hilo, seli shina, lisitutishe. Sisi watu wa pwani tunalielewa shambani. Mnazi una moyo mmoja tu kileleni. Ukikatwa kichwa, umekwisha, hata ukiumwagilia maji mwaka mzima. Lakini mgomba ukikatwa baada ya kuvuna mkungu, chini yake kuna shina lililojificha udongoni, na kutoka kwake huchipuka mgomba mwingine. Seli bapa ni kama mnazi. Seli shina ni kama lile shina la mgomba.

Ninapofikiri juu ya mafundi hawa, nakumbuka kitabu cha Nehemia. Ukuta wa Yerusalemu ulikuwa umebomoka, na malango yake yameteketea kwa moto. Nehemia hakuleta jeshi la waashi kutoka nchi ya mbali. Ukisoma sura ya tatu utakuta orodha ndefu ya majina ya watu wa nchi ile ile: makuhani, wafua dhahabu, watengenezaji wa manukato, na mtu mmoja pamoja na binti zake. Tena wengi wao walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Ndivyo ilivyo katika mapafu. Seli shina haisafiri mbali. Hutengeneza ufa ulio karibu na mlango wake.

Je, kazi hiyo yaweza kufika wapi? Mwaka 2012 madaktari walieleza habari za mwanamke mmoja ambaye pafu lake la kulia lilitolewa lote kwa sababu ya saratani, naye ana umri wa miaka 33. Walimfuata kwa miaka 15. Pafu moja lililobaki liliongezeka ukubwa na uwezo, na vipimo vilionyesha kwamba vifuko vipya vya hewa vilikuwa vimeota. Zamani vitabu vilifundisha kwamba mtu mzima haongezi vifuko vya hewa kamwe. Mwili wa mama yule ulionyesha kwamba mlango haukufungwa kabisa.

Mzee mmoja hapa Timbwani, aliyefanya kazi bandarini maisha yake yote, aliniuliza swali baada ya ibada. Aliniambia, “Kasisi, mimi nimevuta sigara tangu ujana. Mapafu yangu sasa ni masizi matupu. Nikiacha leo nitapata faida gani? Si afadhali nimalizie tu?”

Nikamwambia, “Mzee wangu, hilo si swali lako peke yako. Nimelisikia kwa wengi. Kaa tuzungumze.”

Nami nikamweleza haya ninayowaeleza ninyi. Mwaka 2020 watafiti wa Uingereza walichapisha kazi yao juu ya seli za njia za hewa za watu 16. Wengine walikuwa watoto, wengine watu wazima wasiovuta kamwe, wengine wavutaji, na wengine walioacha. Kwa wavutaji, seli nyingi zilikuwa na maelfu ya makosa katika maandishi yale ya ndani yanayoiongoza seli, makosa ambayo mengine yaweza kuleta saratani. Kwa walioacha, lilionekana jambo ambalo wataalamu hawakulitazamia. Kundi kubwa la seli zao, hata kufikia 40 katika kila 100 kwa baadhi yao, zilikuwa karibu safi kama za mtu asiyevuta. Seli safi za namna hiyo zilikuwa mara nne zaidi ya zile za wavutaji. Watafiti wanadhani kwamba seli shina fulani zilikuwa zimejificha mahali ambapo moshi haukuziharibu, na moshi ulipokoma zikaanza kujaza nafasi. Watu 16 si wengi, na kazi hiyo ingali inaendelea. Lakini inakubaliana na yale yaliyojulikana kwa hesabu za watu wengi sana. Shirika la Afya Duniani husema kwamba baada ya mwezi mmoja hadi miezi tisa tangu kuacha, kikohozi na kukosa pumzi hupungua. Baada ya miaka 10, hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu huwa karibu nusu ya ile ya mtu anayeendelea kuvuta.

Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Kumbe si kazi bure.”

Hapana, Mzee wangu, si kazi bure. Wala asikudanganye mtu akisema umechelewa. Tena nikupe onyo la kirafiki. Ukiacha, siku za kwanza huenda ukakohoa zaidi. Usiogope ukadhani sigara ndiyo iliyokuwa dawa. Vile vijinywele vinavyofagia vimeamka, na sasa vinaondoa takataka za miaka. Nao wajenzi wa Nehemia walilalamika kwamba kifusi ni kingi na nguvu za wachukuzi zinapungua. Kifusi hutangulia ukuta. Lakini kikohozi kikizidi wiki mbili, au kikija na damu, au na homa na kukonda, usikae nyumbani ukisema ni kifusi. Nenda ukapimwe.

Na hapo, wapendwa, hatuna budi kusema juu ya kifua kikuu, maana ugonjwa huu ungali unaitesa nchi yetu. Mwaka 1972 zilichapishwa habari za majaribio yaliyofanywa katika hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Wakati ule mgonjwa alitumia dawa mwaka mzima na nusu, au hata zaidi. Majaribio yale yalionyesha kwamba kwa kuchanganya dawa zenye nguvu, miezi sita yaweza kutosha. Wagonjwa wa Afrika Mashariki waliokubali kutibiwa katika majaribio yale waliwafungulia njia wagonjwa wa dunia nzima. Leo dozi ya miezi sita imetumika katika nchi nyingi, na hapa kwetu dawa hizo hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya serikali.

Lakini yako mambo mawili ambayo mgonjwa apaswa kuyajua. La kwanza ni kwamba vidonge havijengi pafu. Vidonge hufukuza adui. Watu wa Nehemia walijenga kwa mkono mmoja, na mkono wa pili wakashika silaha, maana adui alikuwa karibu. Wasingelinda, ujenzi wote ungebomolewa usiku. Mgonjwa akimeza dawa miezi miwili, homa ikashuka, akapata hamu ya kula, hujiona amepona, naye huacha. Ni kana kwamba mlinzi ametupa silaha kwa sababu hakumwona adui asubuhi hiyo. Vijidudu vilivyobaki hurudi, na mara nyingine hurudi vikiwa sugu, havisikii dawa zile za kwanza. Ndugu, maliza miezi yako yote. Na wewe uliye jirani yake, usimtenge. Mpelekee uji, mkumbushe vidonge vyake, mshike mkono siku ya kwenda kliniki.

La pili ni chungu kidogo, lakini kweli ni kweli. Pafu lililochimbwa sana na kifua kikuu hupona kwa kovu. Kovu huziba jeraha, lakini halipitishi hewa. Vivyo hivyo, moshi wa miaka mingi ukivunja kuta za vifuko vya hewa, vifuko vingi vidogo vikawa mapango makubwa, kuta zile hazirudi kama zamani. Seli shina zinajua kupaka ukuta uliosimama. Ukuta ukianguka pamoja na msingi wake, kazi huwashinda. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mapafu, ziba ufa mapema, maana ukuta wenyewe huenda usijengeke tena.

Kwa hiyo wajibu wetu ni kuwapa mafundi nafasi ya kufanya kazi. Nawafikiria mama karanga wetu, wanaoinama juu ya karai la samaki tangu asubuhi hadi jioni, moshi wa kuni usoni. Nawafikiria watoto wanaolala katika chumba kile kile chenye jiko la makaa. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, zaidi ya nusu ya nyumba za Kenya zilikuwa zinapikia kuni. Ni kweli gesi ni ghali, na si kila mtu aweza kuinunua. Lakini jiko laweza kusogezwa nje chini ya makuti. Dirisha laweza kutobolewa upande upepo unakotokea. Kuni zaweza kukaushwa vema. Mtoto aweza kuondolewa mgongoni mwa mama wakati wa kukaanga. Na kikundi cha akina mama wa kanisa chaweza kuweka shilingi kidogo kidogo, wakanunuliana mitungi ya gesi kwa zamu. Kama tunaweza kuchangia viti vya harusi, tunaweza kuchangia pumzi za mama zetu.

Sasa nina neno moja la tahadhari. Kwa kuwa habari za seli shina zimeenea, wametokea watu ulimwenguni wanaoziuza kama muujiza wa chupani. Huahidi kwamba sindano moja ya seli shina itafufua mapafu yaliyoharibika, na hutaka fedha nyingi kwanza. Wasikilizaji wangu, sikieni vizuri. Seli shina za damu ni tiba ya kweli kwa magonjwa fulani ya damu. Daktari E. Donnall Thomas wa Marekani alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990 kwa kazi yake ya kupandikiza uboho wa mifupa. Lakini kwa mapafu, hakuna tiba ya namna hiyo iliyothibitishwa mpaka leo. Wataalamu wanaendelea kufanya majaribio, nasi twawaombea wafanikiwe. Mgonjwa akialikwa katika jaribio la kweli, haambiwi auze shamba alipie. Basi usiuze shamba la watoto kwa ahadi ya mtu anayekataa kuulizwa maswali. Kwanza muulize daktari wako hospitalini. Kuuliza si kukosa imani. Nehemia mwenyewe, kabla hajaanza kujenga, alitoka usiku akauzunguka ukuta, akakagua kwa macho yake palipobomoka.

Na sasa nizungumze nawe usiyeweza kupanda ngazi, wewe uliyemaliza dawa zote, daktari akakuambia ya kwamba pafu lako limebaki na kovu. Pengine umesikiliza habari hizi zote za mafundi ukasema moyoni, “Kwangu hawakuja.” Ndugu yangu, walikuja. Wamefanya kazi kifuani mwako kila usiku, na kovu lile ni kazi ya mwili wako uliokataa kufa. Kumbuka kwamba Bwana wetu alipofufuka hakuwaficha wanafunzi wake alama za misumari. Tomaso alimjua kwa makovu yake. Kovu halikumwondolea utukufu, wala lako halikuondolei heshima mbele ya Mungu, wala mbele ya kanisa. Kama huwezi kuja kanisani kwa miguu, kanisa lina miguu. Tutakuja kwako.

Wapendwa, leo usiku mtakapolala, taa zikiwa zimezimwa na feri ikisikika kwa mbali, mafundi wale watakuwa kazini. Hawahitaji kuitwa wala kulipwa. Wanahitaji tu tusiendelee kubomoa wanapojenga. Mwenye sigara na aitupe. Mwenye dawa na azimalize. Mwenye jiko ndani na alisogeze nje. Mwenye jirani anayekohoa na ampeleke kliniki, asimseme nyuma ya mgongo.

Na tuombe.

Ee Mungu uliyetupa pumzi, twakushukuru kwa kazi unayoitenda ndani yetu tusipoiona. Wape nguvu wanaotaka kuacha yanayowaharibu. Wape subira walio katika miezi ya matibabu. Wape hekima madaktari, wauguzi na watafiti. Uwe karibu na wale ambao pumzi yao ni fupi leo, nasi utufanye kuwa mikono yako kwao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.